Hakimu Aliponiambia Nivue Koti

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la nje ya mahakama, nimevaa suti ya zambarau inayometameta, shauri limeahirishwa, na hakimu amenitamkia maneno ambayo sasa mtaa mzima unayajua. Tangu gazeti litoke na kisa hicho sipiti mahali nikapumzika. Muuza mkaa ananiuliza, fundi viatu ananiuliza, hata watu wasionidai salamu wananiuliza: "Kasuku, leo umevaa kama mtu anayelea mtoto?"

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaokota mkasa huu, nitasema kwa ufupi.

Mimi ni mshereheshaji. Nashika kipaza sauti kwenye harusi za watu na kuwachekesha hata wale waliokuja wakiwa wamenuna. Kasuku ni jina la kazini. Ninaishi na mama yangu pamoja na binti wa marehemu dada yangu. Mtoto huyo alipoteza wazazi wote wawili katika ajali moja, na tangu hapo mimi, mjomba wake, ndiye ninayempeleka shule mapema na kumsuka nywele vibaya. Kwa sauti yake ya kupasua kuta tunamwita Kengele.

Sasa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, amenipeleka mahakamani. Anataka mtoto akalelewe kwake. Anasema kwangu si nyumba, ni ukumbi. Siku ya kwanza ya shauri nilitoka moja kwa moja kwenye harusi ya asubuhi bila kupata nafasi ya kubadilisha nguo. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba, alinitazama kuanzia viatu hadi utosi.

"Ukirudi hapa," alisema, "uje umevaa kama mtu anayelea mtoto."

Hapo ndipo nilipoishia wiki iliyopita. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mtu anayelea mtoto anavaaje?

Nilifungua kabati langu. Kulikuwa na suti ya kijani inayong'aa kama chupa. Kulikuwa na nyeupe yenye manyoya mabegani. Kulikuwa na nyekundu inayowaka taa ukibonyeza kifungo cha mfukoni. Kengele alisimama pembeni yangu, mikono kiunoni, kama mteja asiye na haraka.

"Hii ya taa," alisema. "Hakimu ataipenda."

"Hakimu hataipenda."

"Na tukizima taa?"

Mama aliingia akiwa amebeba koti la marehemu baba mikononi kama anayebeba mtoto mchanga. Lilikuwa jeusi, zito, na lilinuka dawa ya nondo mpaka Kengele akapiga chafya. Nililivaa. Mikono iliishia karibu na viwiko, na nilipojaribu kuinua mkono kitu kikalia krrr huko mgongoni.

"Linakufaa," Mama alisema. "Hakimu akikuona umebanwa hivyo, atakuonea huruma."

"Bibi," Kengele alisema, "atafikiri Mjomba amerefuka akiwa njiani."

"Mama, sitaki huruma. Nataka aone kwamba naweza kumvalisha mtoto. Sasa kama koti langu mwenyewe limenishinda?"

Mama akalikunja koti lake polepole, kwa namna ya mtu aliyekataliwa zawadi. "Basi nenda kaazime. Ila ujue, cha kuazima hakisitiri maungo."

Mama husema maungo kwa sababu mjukuu yupo. Mtaani wana neno jingine.

Nikaenda kwa dobi.

Dobi ni rafiki yangu tangu tukiwa wadogo wa kugombania pipi. Duka lake ni chumba kimoja chenye mvuke na harufu ya sabuni, nguo zimening'inia kwenye mabomba mpaka darini, kila moja ina kipande cha kitambaa chenye alama anayoijua yeye peke yake. Nilimkuta anapiga pasi shuka.

"Nataka suti ya mtu mwenye adabu zake," nilimwambia.

"Ya kununua?"

"Ya kushinda nayo asubuhi moja tu."

Aliisimamisha pasi. "Kasuku, nguo za wateja ni amana."

"Najua."

"Amana, bwana wee. Mtu anakuachia nguo yake anarudi nyumbani analala usingizi, kwa sababu anakuamini."

"Najua. Lakini nikienda pale na manyoya mabegani, Kengele anaondoka."

Kengele akitoka shule hupita hapo, na dobi humruhusu akanyage kile kidude kinachotoa mvuke, wote wawili wakacheka kama wametengeneza mvua. Dobi alitazama mlangoni. Alitazama shuka. Halafu akaenda nyuma kabisa, akarudi na suti ya kijivu iliyokolea, imefunikwa kwa nailoni.

"Mwenyewe yuko porini kikazi," alisema kwa sauti ya chini. "Akienda huko harudi leo wala kesho."

"Ni nani?"

"Bora usijue. Ukijua utatembea kama mwizi. Usile nayo. Usikae penye vumbi. Usitoe jasho."

"Mahakamani?"

Akafikiri. "Basi toa kidogo."

Ndugu msomaji, naungama mbele yako. Nilipoivaa ile suti sikujisikia mwizi hata chembe. Ilinikaa kana kwamba fundi alikuja kunipima nikiwa usingizini. Kwenye kioo cha dobi nilimwona mtu anayelipa ada kabla hajakumbushwa, mtu anayejua ufunguo wa akiba umewekwa wapi. Nilimpenda mtu yule. Nilitamani Kengele alelewe na yeye.

Kulibaki tatizo la shati. Shati langu jeupe lilikuwa moja tu, lile la kazi. Kwa mbele halina neno, safi, limenyooka. Mgongoni lina maandishi makubwa mekundu niliyoyachapisha kwa ajili ya kutafuta wateja.

"Koti litafunika," nilisema nyumbani.

"Usivue koti," Kengele alisema.

"Kwa nini nivue koti mahakamani?"

Asubuhi ya siku yenyewe tulifika mapema, mimi, Mama na Kengele. Kama hujawahi kukaa kwenye ujia wa mahakama, nenda siku moja ukajionee. Kule kila mtu amevaa mtu mwingine. Karani wa mlangoni alikuwa akiwarudisha wenye kaptura, kofia na kandambili kama anayechambua mchele. Kijana mmoja alikuwa anachomekea shati la kaka yake. Ndugu watatu walikuwa na viatu vyeusi jozi moja. Anayeitwa anavivaa, akitoka anamvulia mwenzake palepale ukutani, na wa mwisho miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko ya wote, akaingia akichechemea, watu wakadhani ni majonzi.

Karani aliponiona alisimama wima. "Mheshimiwa wakili, mlango wenu ni ule."

"Mimi ni mjibu maombi. Nimeshtakiwa."

"Hongera," alisema, kisha akakohoa. "Yaani, pole. Kaa pale."

Moyo ukanikaa sawa. Nikajiambia, Kasuku, leo umepatia.

Kisha nikamwona Shangazi, na nikatambua kwamba maneno ya hakimu hayakuniingia mimi peke yangu. Shangazi ni mwanamke wa viatu virefu na mikufu. Ukimsikia anakuja unajua kwa kisigino. Siku hiyo alikuja na gauni lililofifia kwa kufuliwa, kitambaa kichwani, viatu vya chini kabisa, na mkobani pakiti ya biskuti imechungulia nje kwa makusudi. Bila visigino alikuwa mfupi. Miaka yote hiyo sikujua.

"Shikamoo, Shangazi," Kengele alisema, na ujia wote ukageuka.

"Marahaba, mwanangu." Alinyoosha mkono amguse shavu, akanitazama, akaurudisha. Hakunisalimia. Lakini macho yake yalikaa kwenye suti yangu kidogo zaidi ya yanavyokaa macho ya mtu anayekuchukia. Nikadhani ni wivu.

Tukaitwa ndani, na karani akaingia nasi.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ya hakimu, benchi mbili, feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Hakimu alinitazama tena, viatu hadi utosi. Safari hii akaitikia kwa kichwa akiridhika, akaandika kitu. Nilikaribia kuinama kama niko jukwaani.

"Mwombaji," alisema, "ulisema utakuja na mumeo athibitishe kwamba nyumbani mko wawili."

"Yuko njiani, Mheshimiwa. Nimempigia simu arudi kutoka kazini."

Hata hajamaliza, mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume mrefu, amebabuka kwa jua, shati la kazi lenye madoa ya udongo, buti zimejaa vumbi mpaka kwenye kamba. Huyo ndiye mume wa Shangazi. Kazi yake ni kupima ardhi. Kama nilikutana naye zamani ni kwenye msiba, na kwenye msiba mtu haangalii sura.

Hakimu akamtazama zile buti. "Na wewe, bwana, hii mahakama au shamba?"

"Samahani sana, Mheshimiwa. Nimetoka porini moja kwa moja. Nilipita kwa dobi nichukue suti yangu, nikaambiwa haijakauka."

Kuna habari zinazoingia kichwani, na kuna nyingine zinaanzia miguuni. Hii ilianzia miguuni. Nilihisi soksi zimelowa. Nikakumbuka maneno ya dobi: yuko porini kikazi.

Yule bwana aligeuka atafute pa kukaa, na macho yake yakanikuta. Yalishuka kwenye kola. Yakashuka kwenye vifungo. Aliketi pole pole kando ya mkewe, kama mtu aliyejiona mwenyewe anapita barabarani.

Shangazi akasimama.

"Mheshimiwa, ile ni suti ya mume wangu."

"Ipi?"

"Aliyoivaa yeye. Kifungo cha pili nilikishona mimi kwa uzi wa bluu, nilikosa mweusi. Aangalie."

Wote wakaangalia. Nami nikaangalia. Uzi ulikuwa bluu, bluu kama nini sijui.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mjibu maombi, hiyo suti ni yako?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima bwana harusi amechelewa mpaka keki ikaanza kuinama, na sikukosa la kusema. Siku hiyo mdomo ulifunguka ukabaki wazi, ulimi ndani umelala chali.

"Nilimwazima mimi," ilisema sauti.

Ni mume wa Shangazi. Alikuwa amesimama na buti zake.

Shangazi alimgeukia pole pole sana. "Ulifanya nini?"

"Nilimwazima."

"Bwana," hakimu alisema, "sasa hivi umetuambia haijakauka kwa dobi."

"Nilisahau, Mheshimiwa. Jua la porini."

"Yaani wewe, mume wa mwombaji, shahidi wa mwombaji, umemvalisha mjibu maombi?"

"Alikuwa hana."

Karani akainamisha uso kwenye makaratasi yake, mabega yanamtikisika. Hakimu akanigeukia mimi. "Ni kweli alikuazima?"

Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na ningetoka pale mzima na suti yangu isiyo yangu. Nilimtazama yule bwana. Alinikazia macho kama anayemsukuma mtu apande gari linaloondoka. Nilimtazama Kengele kwenye benchi la nyuma, miguu haifiki chini, anasubiri kusikia mjomba wake atasema nini. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alidhani jibu la swali kama lile huwa ni moja.

"Hapana, Mheshimiwa," nilisema. "Bwana huyu ananisitiri tu. Suti nimeitoa kwa dobi, mwenyewe hana habari. Na mimi sikujua ni yake. Dobi alikataa, mimi ndiye niliyembembeleza. Niliogopa kuja tena na mavazi ya kazini nikampoteza mtoto."

Feni ikazunguka. Hakimu akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Kwenye chumba hiki," alisema, "nimezoea watu wawili wanaovutana, kila mmoja anasema kitu ni changu. Leo nina watu wawili, kila mmoja anasema kosa ni langu. Sijui niandike nini." Kisha akasema, "Vua koti. Mpe mwenyewe."

"Mheshimiwa, naomba niendelee nalo mpaka tukitoka."

"Vua."

Nilivua. Kwa mbele, kama nilivyosema, shati lile halina neno. Nikasimama nimemkabili hakimu, nikamnyooshea yule bwana koti kwa pembeni, mkono nimeurefusha mpaka bega likauma. Hakulifikia.

"Mpelekee," hakimu alisema. "Geuka tu, humu hakuna anayeuma."

Nikageuka.

Nyuma yangu kulikuwa kimya kwa muda wa mtu kusoma. Maandishi yenyewe ni haya: KASUKU MSHEREHESHAJI. HARUSI, KUFUZU, KUSTAAFU, HATA KUPATANA. UKININUNIA NARUDI. Chini yake namba ya simu.

Karani ndiye aliyeanza. Alijaribu kukigeuza kikohozi kikakataa, kikatoka kama kicheko chenyewe. Mama akaficha uso kwenye kanga. Kengele akasoma kwa sauti mstari wa mwisho, kwa faida ya wasiojua kusoma. Hata mdomo wa hakimu ulikuwa unapigana na nafsi yake.

"Hiyo kupatana," aliuliza alipoweza, "unaifanyaje?"

"Watu waliogombana, Mheshimiwa, nawakalisha meza moja, nawapa kazi moja. Kukata keki, kufungua zawadi. Mpaka wasahau walikuwa hawasemeshani."

"Inafaulu?"

"Mara nyingi."

"Na kwenye familia yako je?"

Kicheko kikafa chenyewe.

Shangazi ndiye aliyejaza ule ukimya. "Na suruali pia ni yake," alisema.

"Suruali, mama," hakimu alisema, "mahakama inamwachia kwa leo."

Basi ikawa suti moja imekaa pande mbili za chumba. Kule koti juu ya shati la udongo, huku suruali chini ya tangazo. Na hivyo hivyo shauri likaendelea.

Hakimu alimuuliza Shangazi swali ambalo mimi sijawahi kumuuliza. "Huyu mtoto anakula, anasoma, ana bibi yake. Wewe hasa unamtakia nini?"

Nilitegemea aseme kuhusu ukumbi na kelele. Yeye akashika ile pakiti ya biskuti mpaka zikasikika zinavunjika.

"Akicheka, Mheshimiwa, ni kaka yangu anacheka. Kile kile. Mimi nakisikia mlangoni, nimesimama, nimeleta zawadi, naambiwa asante, mlango unafungwa. Tangu tumzike kaka yangu, huyu bwana hajawahi kuniambia pita ndani."

Mtu akikusema uongo unakasirika. Akikusema kweli unaangalia viatu vyako. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nikimwogopa, hiyo ndiyo kweli yangu, niliogopa akishaingia hatatoka bila mtoto. Lakini yeye angejuaje?

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba hatoi uamuzi kwa kuangalia nguo wala kwa kusikiliza vicheko. Afisa ustawi wa jamii atazikagua nyumba zote mbili. Atakuja bila taarifa, siku yoyote, hata leo akipenda. "Na siku hiyo," aliongeza, akitazama suti yetu ya pande mbili, "sijali mtakuwa mmevaa nini."

Ujiani nilimkimbilia yule bwana.

"Kwa nini ulinisitiri?"

Alikuwa anafunga kile kifungo cha uzi wa bluu. "Nilikuona unatetemeka. Na kusema kweli ndugu yangu, mimi hainikai vile. Sikujua kama ni suti nzuri."

"Samahani sana."

"Suruali mrudishie dobi. Mwambie sina neno naye, ila siku nyingine aseme imeibiwa, hiyo ya kutokauka jua hili nani ataamini?" Akapunguza sauti. "Mke wangu hahitaji kushinda kesi. Anahitaji mtoto yule amzoee. Nilimwambia. Hakunisikiliza."

Shangazi alipita katikati yetu bila kumtazama yeyote. "Wewe mpima ardhi," alisema akiwa ameshatupa mgongo, "leo utapima sakafu ya sebule, na utaipima umelala."

Akacheka, yule bwana, kicheko cha mtu aliyezoea, akamfuata.

Nyumbani tulifanya kazi kama mchwa. Hata leo akipenda, hakimu alisema. Mama alipanga vyombo. Kengele alipanga vitabu vyake kwa rangi, akaona haitoshi, akavipanga kwa urefu. Mimi nilifunga aproni ya Mama, ile yenye maua, nikaingia kuosha ukuta wa jikoni ambao haujaonja sabuni tangu tuhamie. Suti ya taa tuliificha chini ya kitanda. Jua lilikuwa bado halijazama mlango ulipogongwa.

Nikatazamana na Mama. "Ndiye," alinong'ona.

Nilifungua na tabasamu langu la ukumbini.

Alikuwa Shangazi. Gauni lile lile lililofifia, viatu vile vile vya chini, uso umelowa jasho. Kando yake kulikuwa na begi kubwa la safari lililovunjika gurudumu moja, na nyuma yake mfereji mrefu kwenye vumbi kuonyesha alikolivuta.

"Shemeji," alisema. Hajawahi kuniita hivyo. "Mume wangu nimemwachia nyumba na suti yake."

"Umekuja kumchukua mtoto?"

"Hakimu hajaniruhusu kumchukua." Alilishika begi mpini. "Hajanikataza kukaa naye."

"Kukaa naye wapi?"

"Hapa."

Kabla sijapata neno la kushika, sauti ya kupasua kuta ilitoka nyuma yangu. "Shangazi, unapenda kulala upande wa dirisha au wa mlango?"

"Wewe Kengele, ngoja kwanza," nilisema.

"Wa dirisha," Shangazi alisema.

Mtu akakohoa. Nyuma ya begi, kwenye njia, alikuwa amesimama dada mmoja mwembamba mwenye jalada kwapani na kitambulisho shingoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alitazama aproni yenye maua. Alitazama povu kwenye kiwiko changu. Alitazama begi.

"Habari za jioni. Mimi natoka ustawi wa jamii. Hapa ndipo anapoishi mtoto?"

"Ndipo," Mama alijibu kutoka ndani. "Karibu, mwanangu."

"Asante, mama." Macho yake yalibaki kwa Shangazi. "Na huyu ni nani hapa nyumbani?"

Mimi na Shangazi tulianza kujibu kwa pamoja, tukanyamaza kwa pamoja. Kengele alijipenyeza chini ya mkono wangu akatoka mpaka kizingitini.

"Huyu ndiye shangazi anayetushtaki," alieleza. "Amehamia."

Afisa alifungua jalada. "Amehamia lini?"

"Sasa hivi," Shangazi alisema, na kidevu chake kilianza kutetemeka, mwanamke yule wa visigino.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikisema ndiyo, ni kwa ruhusa yangu, nimemwingiza ndani mtu anayeweza kuniondolea mtoto akiwa amekaa jikoni kwangu. Nikisema hapana, nimemfungia mlango kwa mara nyingine, safari hii mbele ya kalamu. Mama alikuwa ametoka na kusimama nyuma yangu. Kengele alikuwa ameshika mpini wa begi upande mmoja, Shangazi upande wa pili, na wote, pamoja na afisa wa serikali, walikuwa wamenigeukia mimi.